Marisau ya chuma kwenye bunduki kuukuu: upige, upanue choki, ununue bismuthi au utafute bunduki nyingine?

Kila mwaka msimu wa bata unapokaribia huku Amerika ya Kaskazini, swali hili hurudi kwa ndugu zetu walioanza kuingia kwenye uwindaji. Mtu kauziwa na jirani mzee bunduki ya marisau ya miaka ya 1950, mbao zake bado zinang'aa, kwa bei ya kutupa. Anafika dukani anakuta rafu nzima ya katriji za bata ni za chuma. Apige tu? Mmoja anamwambia mtutu utapasuka siku hiyohiyo. Mwingine anasema hizo ni porojo, yeye kapiga chuma miaka nenda miaka rudi na bunduki yake haijambo. Wote wawili huenda wanasema kweli, kwa sababu hawazungumzii mtutu mmoja.

Nisikuzungushe. Kwa maoni yangu, mambo mawili ndiyo yanayoamua: mtutu wenyewe ulivyo, na idadi ya katriji unazopiga kwa msimu. Mwenye bunduki kuukuu nzuri anayepiga kidogo, anunue katriji za bismuthi, metali nyingine laini isiyo na sumu. Anayepiga sana, atafute bunduki nyingine ya kazi. Chuma ndani ya mtutu wa zamani kina nafasi yake, lakini ni nafasi nyembamba kuliko wengi wanavyodhani, na nitaeleza kwa nini. (Humu ndani nikisema risasi namaanisha madini, ile metali laini nzito. Kinachoingia kwenye chumba cha bunduki nitakiita katriji, na vipunje vilivyomo ndani yake, marisau.)

Kwa nini risasi imeondolewa

Bata humeza vijiwe vya kumsaidia kusaga chakula kwenye firigisi. Chini ya maji ya kinamasi hawezi kutofautisha kijiwe na punje ya risasi iliyoanguka msimu uliopita, basi anameza zote. Firigisi inasaga, asidi inayeyusha, na punje chache tu zinatosha kumuua. Tai anayemla bata huyo naye anaipata sumu ileile. Ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa bata na mabata bukini nchi nzima mwaka 1991, baada ya kuyaondoa hatua kwa hatua. Denmark ilifuata 1996 ikayafuta kabisa, kwa windo lolote. Kanada na England zilichukua hatua 1999. Umoja wa Ulaya ulifunga maeneo yote yenye maji na mita 100 kuyazunguka kuanzia Februari 2023.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halisikiki sana, ila linatuhusu. Bata wa aina kadhaa wanaoonekana kwenye maziwa ya Bonde la Ufa Kenya wakati wa baridi ya Ulaya wametoka kaskazini, wamepita juu ya vinamasi vilivyopigwa risasi kwa zaidi ya karne moja. Mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, wa mwaka 1995, ulizitaka nchi zijitahidi kuacha marisau ya risasi kwenye ardhi oevu kufikia 2000. Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama.

Basi risasi haipo mezani. Swali ni nini kiingie mahali pake, na bunduki yako ilitengenezwa na fundi ambaye hakuwahi kufikiria kitu kingine isipokuwa risasi.

Kinachotokea ndani ya mtutu

Mtutu wa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipanda, mtutu ni mwembamba zaidi) una kipenyo cha ndani cha milimita 18.5 hivi. Karibu na mdomo unabanwa kidogo ili marisau yatoke yameshikamana badala ya kutawanyika kama mchele uliomwagika. Huo mbano ndio choki. Robo choki hubana kama milimita 0.25, nusu choki 0.5, choki kamili karibu 1. Milimita moja haionekani kuwa kitu, lakini gramu 30 na zaidi za marisau zinapita hapo kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde.

Risasi ni laini. Ikifika kwenye mbano, punje zinabonyea, zinajipanga upya, zinapita. Chuma hakibonyei. Punje zinaegemeana, zinakwamana kwa kitambo kidogo mno, na nguvu yote inasukumwa nje, kwenye ukuta wa mtutu. Mtutu mpya umetengenezwa kwa kulijua hilo. Mtutu wa zamani, wenye chuma laini zaidi na ukuta mwembamba, unasogea kila mara kwa kiasi usichoweza kukiona, mpaka siku moja unagusa kwa kidole na kusikia pete imeinuka sentimita chache nyuma ya mdomo. Mara nyingi madhara huja hivyo, polepole na kimyakimya. Ikiwa ni bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, uvimbe huo unaweza kuachanisha ule utepe uliolehemiwa katikati, na gharama ya kuurudishia inaweza kuzidi thamani ya bunduki.

Tatizo la pili ni mikwaruzo. Punje za chuma zina ugumu wa kutosha kuchora ukuta wa ndani, kwa hiyo katriji za chuma zina kikombe kinene cha plastiki (siku hizi pia cha kitu kinachooza) kinachozikinga zisiguse mtutu. Kikombe kikifanya kazi yake, mikwaruzo haina uzito. Ila kikombe hicho hakiondoi tatizo la choki, na hapa ndipo watu hujichanganya: wanasikia kikombe kinalinda mtutu, wanadhani kinalinda dhidi ya kila kitu.

Tatizo la tatu ni mgandamizo wa gesi. Chuma ni chepesi, kwa hiyo watengenezaji hukisukuma kwa kasi zaidi ili kibaki na nguvu mbali. Katriji za chuma za Marekani zenye urefu wa inchi 3 hutembea kasi kubwa sana, na hazikuundwa kwa ajili ya bunduki ya Kiingereza ya mwaka 1925. Hili halina uhusiano na choki. Hata mtutu usio na choki kabisa unaweza kuumizwa na katriji iliyozidi uwezo wake.

Ijue bunduki kabla ya kulinganisha

Hakikisha kwanza haina kitu ndani, uangalie kwa macho na kwa kidole, kisha vua mitutu. Ifute ndani mpaka ing'are. Simama mbele ya dirisha, chungulia kupitia mtutu ukielekeza upande wa mwanga, na uchezeshe mpaka kivuli cha fremu ya dirisha kionekane kama mstari mweusi unaokimbia ndani. Uzungushe mtutu taratibu. Mstari ukinyooka mwanzo hadi mwisho, vizuri. Ukijikunja mahali, kama maji yanayozunguka jiwe, hapo pana uvimbe au kibonyeo. Wanaouza bunduki kuukuu hawapendi sana mteja anayejua kufanya hivi.

Choki je? Kwa geji 12, Wamarekani wana njia ya haraka: senti kumi yao, ile sarafu ndogo kuliko zote, ina kipenyo cha karibu milimita 17.9. Iweke kwenye mdomo wa mtutu uliovuliwa. Ikikataa kuingia, kuna uwezekano mkubwa una choki kamili au iliyokaribia hapo. Ikizama, choki ni nusu au chini. Ni kipimo cha kukutisha au kukutuliza tu, maana kipenyo cha ndani cha mitutu hutofautiana. Kipimo cha kweli anacho fundi bunduki. Bunduki nyingi za Ubelgiji zimegongwa kipenyo cha mdomo kwa milimita, na mitutu ya Browning iliyotoka huko ina vinyota karibu na chumba: nyota moja ni choki kamili, nyota mbili ni nusu.

Sasa jambo ambalo ningelipigia mstari mwekundu. Urefu wa katriji unaoandikwa kwenye boksi ni urefu wake *baada* ya kupigwa, mdomo ukiwa umefunguka. Katriji ya inchi 2¾ (milimita 70) ambayo haijapigwa ni fupi kuliko hapo, kwa hiyo inaingia bila shida yoyote kwenye chumba cha inchi 2½ (milimita 65). Bunduki inafunga, kila kitu kinaonekana sawa. Ukivuta kichochezi, mdomo wa katriji unajaribu kufunguka mahali ambapo mtutu umeshaanza kusinyaa, njia inazibika, na mgandamizo unapanda. Bunduki nyingi za Kiingereza, na za Kimarekani za kabla ya Vita Kuu ya Pili hasa za geji 16, zina vyumba vifupi namna hiyo. Kwamba katriji imeingia si ushahidi kwamba inafaa, iwe ya chuma, ya bismuthi au ya dhahabu.

Halafu angalia mtutu wenyewe ni wa nini. Ukiona michoro ya mawimbi au mizunguko midogo kwenye uso wake, huo ni wa Damaski: nyuzi za chuma laini na za feleji (chuma kigumu) zilizosokotwa na kufuliwa pamoja, zama za baruti nyeusi. Kwa huo mjadala wa chuma umeisha, haupigi hata katriji moja. Wapo wanaopigia mitutu ya namna hiyo katriji nyepesi za mgandamizo mdogo baada ya fundi kupima ukuta wake sehemu kwa sehemu, lakini hiyo ni shughuli ya wajuzi na ya siku moja moja.

Vinavyoshindana

| Marisau | Uzito (gramu kwa sentimita ya ujazo) | Ugumu | Choki ya zamani | Bei |
|---|---|---|---|---|
| Risasi (kwa kulinganisha tu) | takriban 11.3 | laini | yoyote | – |
| Chuma | takriban 7.8 | gumu | nusu au chini, kwa masharti | ya chini kabisa |
| Bismuthi na bati | takriban 9.6 | laini, inavunjika | kwa kawaida yoyote | mara mbili mpaka tatu ya chuma |
| Tangsteni iliyochanganywa na plastiki | kati ya 10 na 11 | laini | kwa kawaida yoyote | juu zaidi, na haipatikani kirahisi |
| Tangsteni nzito | takriban 18 | gumu kuliko mtutu | usiguse | ya juu kabisa |

Mstari wa mwisho usikushawishi. Tangsteni nzito ni ajabu ya kweli, punje ndogo kama mbegu ya mtama inaua bata bukini mbali, ila ni ngumu kuliko mtutu wowote na imeundwa kwa bunduki za leo.

Njia ya kwanza: piga chuma kama ilivyo

Ulaya wana mfumo unaosaidia. Bunduki hupimwa na nyumba rasmi za majaribio, London, Birmingham, Saint-Étienne, Eibar, Gardone, Liège, Suhl, na kugongwa alama. Katriji za chuma nazo zimegawanywa mafungu mawili. La kwanza ni chuma cha kawaida: kwa geji 12, mgandamizo usiozidi bar 740 na punje zisizozidi milimita 3.25. Hiki kinaruhusiwa kwenye bunduki iliyojaribiwa kwa baruti ya kisasa, ikiwa chumba kinalingana, mtutu ni mzima na choki haizidi nusu. La pili ni chuma cha nguvu, hadi bar 1050, ambacho kinahitaji bunduki iliyojaribiwa mahususi na kugongwa ua la yungiyungi, lile la wafalme wa Ufaransa. Na hata kwa hizo, punje zikizidi milimita 4 choki isizidi nusu.

Marekani hakuna nyumba za namna hiyo. Kila mtengenezaji anasema lake, na bunduki ya mwaka 1955 haina alama itakayokuambia lolote kuhusu chuma. Unarudi kwa aliyeiunda. Browning, kwa mfano, wanasema wazi: usipige chuma kwenye Auto-5 (bunduki yao ya kujipakia) zilizotengenezwa Ubelgiji, wala kwenye Superposed (ile ya mitutu miwili iliyopandana) yoyote. Hapo hakuna cha kubishana, ingawa kila kijiji cha Minnesota kina mzee atakayebishana.

Mwongozo wa Kiingereza unaosema chuma ni sawa kwenye bunduki nyingi ukiusoma ukiwa Wisconsin, Marekani, kisha ukanunua katriji ya chuma ya Kimarekani yenye kasi kubwa, umechukua ruhusa ya kitu kimoja ukaitumia kwa kingine. Katriji uliyoishika haijagawanywa kwa mafungu yale ya Ulaya.

Tuseme bunduki yako imefaulu kila kipimo. Bado kuna mgongano. Chuma ni chepesi, kinapoteza nguvu haraka hewani, kwa hiyo kanuni ya wawindaji ni kupanda saizi mbili (namba ikishuka, punje ni kubwa zaidi): uliyekuwa ukipiga namba 6 ya risasi, chukua namba 4 ya chuma, wa namba 4 achukue namba 2. Namba 2 ya Kimarekani ni milimita 3.8. Namba 4 ni 3.3. Lakini kilicho rafiki kwa mtutu wa zamani ni punje zisizozidi 3.25, yaani kwa hesabu ya Kimarekani namba 5 na namba 6. (Namba za Kiingereza ni nyingine, tazama milimita badala ya namba.) Kwa hiyo chuma kinachoua vizuri ndicho kinachotesa mtutu, na kinachouhurumia mtutu kinafaa kwa bata aliyeshuka karibu kwenye vinyago (bata wa bandia wa kuvutia ndege), mita 25 au 30, mabawa yamefunguka. Kwa mabata bukini wanaopita juu, sahau. Hii ndiyo nafasi nyembamba niliyoisema mwanzoni. Ipo, na kwa mwindaji wa vinyago mwenye subira ni halali kabisa, lakini usitarajie chuma kwenye bunduki ya babu kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na risasi.

Ukiichagua njia hii, baada ya katriji chache za kwanza vua mitutu urudi dirishani. Pitisha kidole nje ya mtutu, sentimita kumi za mwisho, kabla na baada ya kila siku ya kuwinda. Vaa miwani ya kinga, kwa sababu chuma hakibonyei kinapogonga jiwe, barafu au uso wa maji. Kinadunda na kurudi. Risasi nayo hudunda, lakini chuma kimezidi.

Njia ya pili: panua choki

Fundi anakwangua mbano wa mdomo kutoka choki kamili hadi nusu au robo. Ni kazi ya bei nafuu na kwa bunduki ya kazi yenye mtutu imara ina mantiki. Winchester Model 12, iliyoanza kutengenezwa 1912, ni mfano wa bunduki ambazo nyingi zilitoka kiwandani na choki kamili isiyotoka, kwa sababu katriji za zamani zilitawanya marisau na choki ya kubana ilikuwa dawa. Kwa kikombe cha plastiki cha leo dawa hiyo imekuwa kali kupita kiasi. Chuma kwenye nusu choki kinashikamana karibu kama risasi ilivyoshikamana kwenye choki kamili, kwa hiyo humkosi ndege kwa kupanua.

Hasara zake ni mbili. Ukishakwangua huwezi kurudisha, na mnunuzi wa bunduki za kale atakushushia bei papo hapo. La pili, na zito zaidi: kupanua choki hakubadilishi chuma cha mtutu, urefu wa chumba wala unene wa ukuta. Kumeondoa tatizo moja kati ya matatu. Watu hutoka kwa fundi wamefurahi, wanapakia katriji za inchi 3 kwenye chumba cha 2¾. Kuweka choki za kufunga kwa nyuzi nako kunataka ukuta mnene wa kuchongwa nyuzi, na mitutu ya Kiingereza mara nyingi haina.

Kwa wenye Auto-5 ya Ubelgiji kuna mlango wa pembeni ambao naupenda kuliko kukwangua. Mitutu ya Auto-5 iliyotengenezwa Japani baadaye, yenye choki za kubadilisha, inakubali chuma, na huingia kwenye zile za Ubelgiji za geji na chumba kilekile, pengine kwa marekebisho madogo ya fundi. Unaweka mtutu wa asili kabatini ukiwa salama na bunduki inaendelea kuwa ileile. Mtutu peke yake si rahisi kuupata, lakini subira hulipa.

Njia ya tatu: bismuthi

Bismuthi inakaa jirani na risasi kwenye jedwali la elementi lakini haina sumu yake. Peke yake ni tete kama kioo, kwa hiyo huchanganywa na bati kidogo. Hata hivyo punje nyingine huvunjika zikigonga mfupa, na katriji za mwanzo zilikuwa na sifa mbaya kwa hilo. Za leo ni bora zaidi. Inabonyea kwenye choki kama risasi, na uzito wake unaiweka katikati ya chuma na risasi. Ongeza saizi moja, au baki na ileile kwa umbali wa kawaida, na bata wa mita 35 ni wako. Sheria ya Marekani inaikubali.

Jambo wanalolisahau wanunuzi: bismuthi imetatua choki, haijatatua chumba wala mgandamizo. Zipo katriji za bismuthi za kasi kubwa za inchi 3 zisizofaa kabisa kwa bunduki ya 1930, na zipo za milimita 65, za mgandamizo wa chini, zilizotengenezwa kwa ajili yake. Zote zimeandikwa bismuthi kwa herufi kubwa, na urefu kwa herufi ndogo.

Tatizo lake ni bei. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Njia ya nne: bunduki nyingine

Bunduki ya kusukuma (unayoipakia kwa kuvuta na kusukuma mshiko wa mbele) iliyotumika, kama Remington 870 au Mossberg 500, yenye chumba cha inchi 3 na choki za kufunga kwa nyuzi, ipo karibu kila duka la vitu vilivyotumika Marekani. Angalia hizo choki kwa macho yako; 870 ilianza 1950 na za zamani zina choki ya kudumu kama bunduki uliyoikimbia. Haina uzuri wowote. Inaanguka kwenye matope, unaisuuza, inaendelea.

Hesabu yake ni hii, kwa mfano tu. Tuseme boksi la katriji 25 za bismuthi linakuzidishia dola 30 juu ya chuma, na bunduki iliyotumika ni dola 300. Anayepiga boksi moja kwa mwaka atachukua miaka kumi kufidia bei ya hiyo bunduki. Huyo anunue bismuthi, awinde na bunduki anayoipenda. Anayepiga maboksi matano kwa msimu ameifidia ndani ya miaka miwili, na msimu wa tatu anawinda kwa faida. Watu hubishana majira yote ya kiangazi kuhusu ugumu wa chuma ilhali swali lao ni la mfukoni, na lina jibu.

Ningefanyaje kwa bunduki hizi

Bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili, chumba cha milimita 65, mtutu mwembamba: bismuthi ya milimita 65 ya mgandamizo wa chini, bila kusitasita, hata kama alama zake zinaruhusu chuma cha kawaida. Kupunguza gharama ya katriji huku ukihatarisha mitutu isiyotengenezwa tena sikuoni kuwa akiba.

Auto-5 ya Ubelgiji: bismuthi sasa, mtutu wa Japani ukipatikana.

Model 12 ya choki kamili, iliyokwaruzika, isiyo ya kifamilia wala ya makumbusho: mpe fundi apime ukuta na chumba. Akiridhika, panua, kisha upige chuma chenye punje ndogo kwa bata wa karibu.

Geji 16 ya kabla ya vita: pima chumba kabla ya kitu kingine chochote. Katriji za chuma za geji hiyo ni adimu na nyingi ni za milimita 70, kwa hiyo bismuthi inakuchagua yenyewe.

Damaski: ukutani.

Na anayechukua njia ya nne huku akibaki na bunduki kuukuu ya geji 12, asinunue ya pili ya geji 20 kabla ya kujua hili. Katriji ya geji 20 ikidondoshwa kwa bahati mbaya kwenye mtutu wa geji 12 inateleza kupita chumba na kukwama mbele. Mwindaji anavuta kichochezi, kimya, anafungua, anaona chumba kitupu, anadhani alisahau kupakia. Anaweka ya geji 12 nyuma yake na kuvuta tena. Mtutu wowote ule, wa kale au wa jana, unapasuka pale mkono wa kushoto unaposhika. Watengenezaji hupaka katriji za geji 20 rangi ya manjano kwa sababu hiyo, lakini saa kumi na moja alfajiri kwenye mashua hakuna rangi inayoonekana. Nunua ya geji ileile, au tenga koti moja kwa kila bunduki. Na ukiwa unayageuza mifuko, toa pia katriji zozote za risasi zilizobaki huko, kwa sababu Marekani kuwa nazo tu ukiwinda bata ni kosa, hata kama hukuzipiga.